Farasi Mia Tatu na Ng'ombe Mmoja

Jumatatu, 9 Septemba

Aibu! Aibu mbele ya mji mzima wa Talgar!

Taa nyekundu pale sokoni. Mimi ndani ya gari langu, kioo chini, kiwiko nje. Gari la Kijapani la mwaka tisini na tatu, silinda sita, turbo, usukani kulia, nguvu za farasi mia tatu. Pembeni yangu anasimama nani? Temirtas, mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili, mimi mkubwa, yeye wa kati, na tangu aingie kwenye ukoo huu sijala chakula kikashuka vizuri. Ana gari jipya jeupe lisilo na sauti. Friji lenye magurudumu. Nikakanyaga mafuta nimwonyeshe dunia. Taa ikawa kijani. Friji likaondoka. Langu likakohoa, likatoa moshi mweusi, likapiga chafya kwa nyuma, likazima. Muuza matikiti akaja kunisukuma. Akaniuliza trekta hili nimelitoa wapi.

Trekta!

Jioni tukaitwa kwa wakwe. Baba mkwe, mzee Orynbasar, alifundisha farasi wa mashindano maisha yake yote na haongei hovyo. Leo kaongea. Jumapili Akbota, kitinda mimba wake, anaolewa mji wa Kaskelen. Gari la kumbeba bibi harusi liwe la mkwe wa nyumba hii, si la kukodi. Nani? Temirtas akasema kwa upole wake ule wa kinafiki kwamba lake lipo. Kabla sijajua, mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia: langu! Nikaongeza kwamba mimi nitafika Kaskelen kabla machozi ya mama mkwe hayajakauka. Temirtas akauliza, "Kwa kusukumwa na muuza matikiti, mwanyumba, au peke yako?" Meza nzima ikacheka. Hata bibi harusi, ambaye kwa desturi wiki hii anatakiwa alie.

Baba mkwe akakata shauri. Jumamosi atapanda magari yote mawili kwenye barabara ya korongoni, kisha atachagua mwenyewe.

Tulipofika nyumbani ndipo mke wangu Zauresh alipofungua mdomo. Kwamba gereji imekaliwa miaka sita na gari linalojua njia ya fundi kuliko njia ya kazini. Likimbeba mdogo wake Jumapili, libaki. Lisipombeba, liuzwe, na gereji ataingia ng'ombe. Nikacheka. Akasema ng'ombe ameshamwona, ni wa rangi ya maziwa na chai, na mwenye ng'ombe anasubiri jibu.

Ng'ombe! Kwenye sakafu niliyoipaka rangi kwa mkono wangu!

Jumanne, 10 Septemba

Nimempigia bosi wa duka la mapazia. Nimemwambia mgongo umekaza. Akasema nimpe pole mgongo, halafu nimpe pole gari.

Nimeanza na plagi. Kila mwanaume wa mji huu anajua: injini ikimisi, badilisha plagi. Nikazifungua zote sita. Nyeusi kama sufuria ya msibani! Nikaweka mpya. Kazi safi. Nikarudisha na koili zake, na hapo ndipo sikumbuki vizuri waya upi ulitoka wapi, kwa sababu Temirtas alipita nje na friji lake akapiga honi, nami nikageuka kumkunjia uso.

Nikawasha. Mungu wangu! Mlipuko kwenye ekzosi! Kuku wa jirani wakapanda juu ya paa na mmoja hajashuka mpaka sasa. Masharubu yangu ya upande wa kushoto yamepungua, ingawa sielewi kwa nini, maana ekzosi iko nyuma nami nilikuwa mbele. Zauresh alitoka na unga mikononi. Akanitazama, akatazama juu ya paa, akarudi ndani.

Fundi Gennadi akaja jioni. Gennadi ni mkubwa kama kabati, hutukana gari kwa Kirusi kabla ya kuligusa, na hawezi kufanya kazi mtu akizungumza, kwa hiyo tangu tujuane amenifukuza kwenye gereji yangu mwenyewe mara nyingi. Akapanga waya upya. Injini ikawaka. Bado inatetemeka, bado haina nguvu. Akazitazama zile plagi za zamani, akanipa moja niishike.

"Unaona weusi huu? Inakula mafuta, hewa haipati. Turbo inasukuma hewa, lakini hewa inapotelea njiani. Tafuta inapotelea wapi."

Hewa inapotea! Nikamuuliza hewa inapoteaje, ina miguu? Akanitukana kama gari, akaondoka, akasahau spana yake.

Nimekaa nikawaza. Gari lilikuwa zima mpaka lini? Mpaka Mei. Mei alikuja nani gerejini? Temirtas. Mtu akikiona kitu chako kipya kwa mara ya kwanza, anatoa zawadi ya kukiona. Ndivyo tulivyolelewa. Yeye aliiona injini yangu nimeisafisha, inang'aa, akasema tu, "Duh, nzuri." Bila zawadi! Hata peremende! Sasa hiyo si husuda ni nini?

Nimeshalala, nimeamka kuandika hili: husuda. Kwa hakika.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya maajabu.

Asubuhi nilimfuata mama mkwe Kulyash nikamweleza habari za husuda, ila sikutaja ni ya nani, maana Temirtas naye ni mkwe wake na ndiye anayempelekea dawa za presha. Mama mkwe hakuhitaji kubembelezwa. Akaja na kikaango chake na mafungu ya adyraspan, majani makavu ya kufukuzia husuda, akayawasha, akazunguka gari akilifukiza na kunuia. Moshi mzito. Akafukiza magurudumu, usukani, kiti changu, na kichwa changu kwa ziada.

Hapo nikapata akili. Husuda iko ndani ya injini, sisi tunafukiza milango! Nikafungua chujio la hewa. Nikaleta buti kuukuu la baba, lile alilokuwa akipulizia moto wa samovari, birika letu la mkaa. Mama mkwe akashika kikaango mbele ya mdomo wa paipu, mimi nikapiga buti: puu, puu, puu. Moshi ukaingia wote. Kimya. Puu, puu. Kimya. Nikakata tamaa. Mara mama mkwe akapiga kelele.

Moshi! Unatoka ubavuni mwa injini, chini chini, pale penye mpira mnene unaopeleka hewa ya turbo! Mstari mwembamba wa moshi, unapanda wenyewe! Nikapiga kelele, "Inatoka! Husuda inatoka, mama!" Mama mkwe akalia. Mimi nikalia. Tukakumbatiana, na mama mkwe hajawahi kunikumbatia tangu niposwe. Yaani tangu nipose.

Tukiwa hivyo akaingia Gennadi kufuata spana. Akatutazama. Akaangalia moshi. Akainama.

"Husuda gani, Kairgeldi? Huo ni mpasuko. Leta kidole."

Akakishika kidole changu, akakiingiza. Kikazama mpaka kwenye pete! Mpira umepasuka upande wa chini, pale ambapo jicho halifiki. Hewa yote ya turbo inatokea hapo! Gennadi akasema miaka yake yote ya kazi amewaona mafundi wanaotafuta uvujaji kwa mashine ya moshi ya bei mbaya, hajawahi kuona buti na mkwe. Akacheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Akasema mpira haupasuki bure, husuda ndiyo iliyoupasua. Nikamuunga mkono. Mpira uliokaa miaka thelathini salama upasuke hivi hivi tu mwaka huu? Kwa nini?

Sasa pigo. Mpira mpya unaagizwa mbali. Wiki tatu. Nikasema harusi Jumapili. Gennadi akasema basi harusi ingojee wiki tatu. Nikamuuliza habari ya gundi, utepe, chochote. Akanikazia macho. Joto litayeyusha gundi, oili itauvua utepe. Nisiweke takataka yoyote, ananijua. Nikaapa.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefunga kwa utepe. Ulivuka barabara kabla yangu. Nimeuona ukiruka.

Nilipokwenda kwa wakwe kubeba magunia ya unga nilikuwa mtu aliyekufa. Temirtas alikuwa amekaa barazani anakunywa chai ya maziwa kama mwenye nyumba. Anaishi jirani nao, na mbwa wake Aktos hashindi kwao, anashinda jikoni kwa mama mkwe. Temirtas akaniuliza kama kweli ng'ombe wangu ni wa maziwa au wa nyama. Dada wanaambiana kila kitu! Nyumba hizi hazina siri!

Jikoni wanawake walikuwa wanashindilia nyama ya mbavu za farasi kwenye matumbo kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Nikaweka gunia. Nikasimama nipumzike. Mama mkwe akainua utumbo mmoja kutoka kwenye beseni la maji ya chumvi. Mpana, mweupe, mzima. Akasema huu ni wa soseji ya babu mzaa baba wa bwana harusi, mkuu wa ukoo wao. Ameupuliza kwa mdomo wake na haukutoa hata pumzi moja.

Haukutoa hata pumzi moja!

Nikakumbuka baba mkwe anavyoshona matandiko ya farasi kwa ngozi mbichi: anaifunga mbichi, inakauka, inakaza kuliko chuma. Ngozi ni nini na utumbo ni nini, kama si ndugu? Na ukiweza kubeba mbavu za farasi mmoja, utashindwa kubeba hewa ya farasi mia tatu?

Walipotoka kwenda kuangalia tanuri, sikufikiri. Mkono ulifikiri. Utumbo ukaingia chini ya kofia yangu ya manyoya. Nikachukua na vile vijiti vya mbao vya kubania ncha, na kipande cha uzi wa buluu uliokuwa pembeni. Barazani Temirtas akanisimamisha. "Mwanyumba, mbona maji yanakutiririka shingoni?" Nikamwambia ni jasho la kazi, asilolijua yeye. Aktos akanifuata mpaka kwenye geti akininusa kisogo.

Nimevisha mpira wote, tabaka juu ya tabaka. Nimebana kwa vijiti, nimezungushia uzi, nimekaza na klipu mbili. Nimekausha kwa kifaa cha Zauresh cha kukaushia nywele. Umekaza! Ukiugonga unalia kama ngoma. Zauresh kauliza kwa nini gereji inanuka kama siku ya kuchinja. Nimemwambia ni oili mpya.

Ijumaa, 13 Septemba

Linakwenda!

Linakwenda kama zamani! Nimelipeleka mpaka shambani na kurudi. Turbo inapiga mluzi, shingo inarudi nyuma, kiti kinanikumbatia. Nimelia tena. Wiki hii nimelia kuliko bibi harusi.

Mchana kwa wakwe kumewaka moto. Utumbo mkubwa haupo! Mama mkwe amepekua jiko zima. Nani anashinda jikoni? Aktos. Nani hana la kujitetea? Aktos. Mimi nilisema tu, bila kumlazimisha mtu, kwamba jana nilimwona mdomo unang'aa. Temirtas akaapa mbwa wake hajawahi kuiba hata mfupa. Mama mkwe akamjibu, "Mwanangu, mbwa ni mbwa, mla jikoni ana siku yake." Aktos akafungwa kamba. Temirtas ikabidi aende machinjioni kutafuta utumbo mwingine, na akaupata mwembamba. Alirudi ameinamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo. Raha yake siwezi kuieleza.

Aktos alinitazama nilipopita. Nikaangalia pembeni. Mbwa hawana ushahidi.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Baba mkwe alianza na friji. Wakapanda korongoni, wakashuka. Akateremka, akasema, "Halina sauti." Sikujua ni sifa au lawama. Temirtas pia hakujua.

Akaingia kwangu. Kwa sababu usukani uko kulia, na magari ya kwetu huwa nao kushoto, mzee alikaa kushoto bila usukani wowote mbele yake, akawa anatafuta hatamu kwa mikono. Tulipofika kwenye mteremko nikageuza, nikakanyaga. Turbo ikashika. Kofia ya mzee ikarukia kiti cha nyuma! Nikadhani nimemuua. Nikamgeukia, na nini? Mzee anacheka! Mdomo wazi, meno yote matatu nje! Nimekaa kwenye ukoo huu miaka kumi na minne sikujua kwamba anacheka. Akapiga dashibodi kama anavyopiga shingo ya farasi, akasema, "Chu! Chu!" Nikapanda tena, na tena.

Tulipoteremka alisimama muda mrefu mbele ya boneti. Akavuta pumzi puani. "Sijui kwa nini," akasema, "gari hili linanitia njaa."

Nikaegemea boneti lisifunguke. Lakini akaendelea kwamba bibi harusi ataondoka na hili. Akampa Temirtas mkono, akanipa mimi mikono miwili.

Zauresh kaniangalia jioni nzima kama aliyeniona kwa mara ya kwanza. Amempigia mwenye ng'ombe, amemwambia asubiri kidogo. Asubiri! Nikamuuliza asubiri nini? Akasema Jumatatu.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika nimefunga mlango.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mama mkwe akamwaga peremende na sarafu juu ya gari, juu ya Akbota, juu yangu. Akbota akaingia kiti cha nyuma na shela lake na kilio cha kuwaaga wazazi. Zauresh akakaa naye. Nyuma yetu msafara wa magari, la kwanza likiwa friji, na ndani yake baba mkwe, mama mkwe, na Aktos, kwa sababu alikuwa ametafuna kamba na Temirtas hakuwa na moyo wa kumfunga tena.

Mpaka mjini Almaty gari lilikwenda kama bwana harusi mwenyewe. Kisha foleni. Jua. Tunasimama, tunasogea, tunasimama. Sindano ya joto ikapanda. Na harufu ikaingia. Kwanza kidogo, halafu kama mtu amefungua chungu cha soseji miguuni kwetu. Akbota akaacha kulia. Akasema, "Shemeji, samahani, kuna chakula humu?" Nikamwambia ni harufu ya bahati. Kwenye kioo nikamwona Zauresh ananusa. Akanusa tena. Akanigeukia polepole.

Tukatoka kwenye foleni. Barabara nyeupe mbele. Ningekwenda taratibu ningefika, najua sasa. Lakini Temirtas akasogea ubavuni, akashusha kioo, akanipigia kelele kama nina haja ya muuza matikiti. Mwanaume gani angevumilia?

Nikakanyaga mpaka chini. Turbo ikapiga mluzi. Friji likabaki. Tukaingia Kaskelen kwa mbio, nyumba ya wakwe wapya ile pale, wote wamesimama barabarani, zeze za dombra zinapigwa, wanawake na sinia za maandazi, na mbele kabisa mzee wa miaka tisini na kitu kwenye kiti, babu mwenyewe. Nikakanyaga mara ya mwisho ili waisikie.

BUU!

Wanawake wakainama. Gari likakohoa, moshi mweusi, chafya, kimya. Likasimama palepale, mbele ya macho ya babu, geti likiwa pale tu. Mbio za sakafuni!

Mjomba wa bwana harusi, mtu mwema, akakimbilia boneti kunisaidia. Nikasema hapana. Nikasema linahitaji kupoa tu. Nikashika boneti kwa mikono miwili. Akanisogeza kama mtoto, akaifungua.

Mvuke. Na harufu, Mungu wangu, harufu tamu! Na pale, juu ya injini yangu, utumbo umevimba, umekuwa kahawia, umepasuka katikati, mafuta yanachuruzika, na vijiti vyake vya mbao, na uzi wa buluu. Dombra zikanyamaza moja moja. Mama mkwe alikuwa ameshafika. Akautazama uzi. Uzi wa buluu huufunga kwa mgeni mmoja tu. Akanigeukia. Afadhali angenitukana.

Babu akauliza kuna nini. Akasaidiwa kusimama, akaja na fimbo yake, akachungulia ndani ya boneti kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo soseji yangu?" akauliza.

Na kabla sijapata uongo, kitu cheupe kikapita kati ya miguu yetu, kikarukia injini, kikauchomoa utumbo mzima na klipu zake, kikaondoka nao. Aktos! Temirtas akapiga magoti katikati ya barabara. "Mnamwona? Mnamwona anavyokula? Huyu ni mbwa aliyekaa na njaa ya utumbo siku tatu! Mbwa wangu hana hatia!" Akamkumbatia, na mbwa huku anatafuna. Watu wakanigeukia mimi.

Akbota akataka kushuka atembee. Mama mkwe akapata sauti: bibi harusi akishakaa hashuki mpaka kizingitini, mkosi wa leo unatosha. Basi? Baba mkwe akaleta kamba yake ya manyoya ya farasi. Wakafunga gari langu nyuma ya friji. Mimi kwenye usukani, injini kimya, Akbota nyuma amejifunika shela, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Hivyo ndivyo farasi mia tatu walivyoingia getini, wamevutwa.

Joho la heshima lilikuwa tayari kwa dereva aliyemleta bibi harusi. La buluu, la nyuzi za dhahabu. Wakasita. Babu akaamua. Akamvisha Temirtas. Mimi nikapewa chai. Kisha babu akaanza kucheka, akacheka mpaka wakamletea maji, akasema harusi zote alizokwenda amesahau, hii hataisahau, na akaagiza nikae karibu yake. Kwenye sinia yake soseji ilikuwa nyembamba. Kila alipokata kipande alinitazama.

Nilimweleza Zauresh kwamba makubaliano yalikuwa gari limbebe mdogo wake, na limembeba. Hakuteremka! Akasema, "Lilibebwa, mume wangu. Lilibebwa." Baba mkwe akasema neno moja tu tukiwa tunaondoka. "Farasi mzuri." Akanitazama tangu kofia hadi viatu. "Ila mpandaji..." Hakumaliza, akaingia kwenye friji.

Jumanne, 17 Septemba

Ng'ombe amekuja. Rangi ya maziwa na chai. Ameingia gerejini kana kwamba amepajua siku zote, akakojoa palepale nilipopaka rangi.

Gari liko nje chini ya turubai. Zauresh ametangaza kuuza. Mtu mmoja tu amepiga simu, akauliza kama linauzwa pamoja na soseji. Kaskelen yote inajua! Temirtas amepita asubuhi na joho mabegani. Joho! Saa tatu asubuhi, anakwenda kununua mkate!

Gennadi naye kapiga. Amenitukana kwanza kwa kuvunja kiapo, kisha akaniambia mpira umepatikana kwa mtu wa Almaty, aliyekuwa ameagiza miwili. Wa kiwandani, mpya kabisa, kesho utakuwa mkononi mwake. Nimemwambia asihangaike.

Kwa sababu nimekaa chini nikatafakari kwa utulivu, kama mtu mzima, wapi palikuwa na kosa. Kosa halikuwa utumbo. Utumbo ulishika Ijumaa, ukashika Jumamosi, ukashika mpaka getini. Kosa lilikuwa tabaka chache. Na nimemuuliza mchinjaji, bila kumwambia ni kwa ajili ya nini: utumbo wa ng'ombe ni mrefu kuliko wa farasi. Mrefu sana.

Jioni nimekata majani mabichi mwenyewe nikampelekea ng'ombe. Nimempapasa tumbo. Nimempapasa ubavu huu, nikazunguka, nikampapasa na ule. Zauresh alikuwa amesimama mlangoni sijui tangu lini. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nazoeana naye. Macho yake yakalainika. Akasema hatimaye nimejifunza.

Sikumbishia. Nilikuwa ninapima kwa shibiri.